Kiti Kwanza, Injini Baadaye

Mwangulu,
9 Juni 2024

Kwa mdogo wangu Karisa,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Sisi hatujambo, sijui nyinyi huko Changamwe. Mama ni mzima ila jino la nyuma linamsumbua na habari ya daktari hataki kuisikia. Mvua ilitosha kulijaza lambo, mbuzi wamenona. Msalimie Monicah, na mtoto mbusu kwa niaba yangu.

Usishangae kupata karatasi badala ya simu. Mama ndiye aliyeamuru. Tangu tugombane Jumapili ile hadi majirani wakatoka nje kusikiliza, amesema hatutapigiana tena simu akiwa hai. "Andikianeni," alisema. "Anayeandika hawezi kumkatiza mwenziwe." Picha ameruhusu zitumwe kwenye simu yake. Maneno yapite karatasini. Barua nitampa Randu, utingo wa basi la Lunga Lunga, akuletee hapo yadi unapofanyia kazi.

Haya, la maana. Pikapu ya marehemu baba imekufa, na safari hii imekufa kweli. Chasisi ilikatika karibu na daraja la Ramisi, mbuzi wakiwa nyuma. Fundi amesema akiichomelea atakuwa anaunganisha kutu na kutu. Kikundi chetu cha akina mama wauza mbuzi kimekubali kununua nyingine, iliyotumika lakini nzima, na kwa kuwa wewe ndiye muuza magari katika ukoo huu, kazi ya kuitafuta ni yako. Dereva ni mimi kama siku zote, kutoka soko la hapa Mwangulu hadi bucha za Ukunda na jikoni za hoteli za Diani.

Ombi langu ni moja, nalo ndilo lililotugombanisha. Nataka gari ninaloweza kulikalia. Mimi nimechukua mwili wa baba, urefu na upana. Basi usinitajie kitu kingine chochote kabla ya kiti.

Dada yako,
Kanze


Changamwe,
27 Juni 2024

Dada Kanze, shikamoo.

Natumai u mzima wewe na Mama na wote hapo nyumbani. Sisi tunashukuru. Monicah anakusalimu, na mtoto ameanza kusimama kwa kushika meza. Mwambie Mama asukutue maji ya chumvi. Barua yako Randu alikaa nayo mfukoni hadi ikachakaa, ndiyo maana nachelewa kujibu.

Dada, nimekupatia gari! Ni ile nyeupe niliyotuma picha yake. Injini ni ya dizeli na haijawahi kufunguliwa. Shoksi za nyuma ni mpya. Bodi haina mkwaruzo. Mafuta inanusa tu. Redio inakamata stesheni zote, hata za Tanga. Mzee wa yadi amenikubalia niizuie kidogo, kwa hiyo mwambie mwenyekiti wenu, Mama Eddah, aharakishe.

Kuhusu kiti usiwe na wasiwasi. Nimekaa mimi mwenyewe, kina nafasi tele. Mtu mwenye afya kama wewe atakaa bila shida.

Mdogo wako,
Karisa


Mwangulu,
14 Julai 2024

Mdogo wangu Karisa, marahaba.

Tumefurahi mtoto kusimama. Jino la Mama limepoa lenyewe, na sasa anawasimulia wageni kwamba alijua. Huku jua limeanza kuwa kali.

Barua yako nimeisoma na kuirudia, nikitafuta pale ulipolijibu swali langu. Umeniandikia injini. Umeniandikia shoksi. Umeniandikia redio, kana kwamba mimi naenda Ukunda kucheza dansi. Kiti umekipa mstari mmoja, tena wa uongo. Ati umekaa mwenyewe! Karisa, wewe ukikaa kwenye kiti ni kama mtu ametundika shati. Hata kwenye beseni la kufulia ungekaa ukasema nafasi tele.

Na hilo neno "mwenye afya" uliache. Andika mnene. Andika mrefu. Haya ni maneno ya kawaida, hayang'ati. Ukishindwa kuliandika, utawezaje kumtafutia mnene gari?

Mwenye duka la chakula cha mifugo hapa anayo pikapu ya aina hiyohiyo. Nilimwomba niikalie. Kwanza mlango wake haufunguki wote. Nilitanguliza mguu, nikafuatisha kiuno, kichwa kikabaki nje kikiuliza njia. Nilipoingia, usukani ukanilalia tumboni kama mtoto anayenyonya. Nikasukuma kiti nyuma. Kilirudi upana wa kiganja, kikagota ukuta wa kebini. Magoti yakawa yamekaba dashibodi. Mkanda niliuvuta hadi ukaisha, na penye kufungia haukufika. Nikajaribu gia ya pili, mkono wa gia ukanipiga paja. Mwenye duka alisimama kando, akaniuliza kwa adabu, "Dada, unapumua?"

Nikamwambia bado.

Sasa nakuuliza tena, pole pole, kama mtu anayemfundisha mtoto: iko pikapu huko ambayo nitaweza kuikalia?

Kanze


Changamwe,
2 Agosti 2024

Dada, shikamoo.

Sisi wazima. Monicah alikuwa na homa lakini imeondoka. Msalimie Mama.

Sasa naona hatutaelewana kwa karatasi. Magari hapa yamejaa yadi nzima, na mimi si mshonaji niseme litakuenea lipi. Njoo mwenyewe ujaribu. Njoo siku yoyote ya kazi, nitakuwepo.

Karisa


Mwangulu,
21 Agosti 2024

Karisa,

Huku tu wazima. Mama anauliza kwa nini sikumletea salamu za mtoto. Lambo limeshuka, tumeanza kuwapeleka mbuzi mbali.

Nilikuja kama ulivyosema. Wewe ulikuwepo, lakini nakuandikia nilivyoona mimi, kwa sababu huenda tulikuwa mahali pawili tofauti.

Zile pikapu mbili za kwanza hazikunifaa, nikashuka, hakuna neno. Ya tatu, ile ya rangi ya fedha, imeinuliwa juu na haina mpini wa kushikia mtu anapopanda. Nilikuwa nimening'inia mlangoni nikijivuta, mguu mmoja ndani na mmoja hewani, mwenzako Tobias aliposema kwa sauti yadi nzima isikie, "Mathe, ama tukutolee paa uingilie juu?"

Watu walicheka. Tobias simlaumu sana. Hanijui, na mwili huu nimeishi nao, sokoni nimeambiwa makubwa kuliko hayo na nikayajibu. Lakini katikati ya vile vicheko nilisikia kimoja kinachotokea puani. Nakijua tangu ukitambaa. Nilipogeuka ulikuwa umeinamia boneti unasoma karatasi.

Nikashuka, nikakwambia nawahi feri. Sikuwa nawahi feri. Nilikaa pale Likoni nikaziacha mbili zivuke bila mimi.

Gari bado natafuta. Hoteli zinaanza kujaa mwezi wa Desemba, na Beryl, msichana anayenunua nyama kwa ajili ya jiko la hoteli kule Diani, ameniambia wazi kwamba asipopata mbuzi wangu kila wiki atanunua kwingine. Kwa sasa tunakodi gari la watu, na faida yote inaishia humo.

Kanze


Changamwe,
8 Septemba 2024

Dada Kanze, shikamoo.

Natumai barua hii itawakuta salama. Monicah alisikitika kwamba uliondoka bila kula, alikuwa amepika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Mtoto ana meno manne.

Nimefikiria sana shida yenu ya usafiri. Ile pikapu nyeupe bado ipo, na kusema kweli kwa kazi ya mbuzi hakuna kama ile. Sasa nimepata wazo. Alfani, yule kijana wa jirani yetu, ana leseni, hanywi, na ni mwembamba. Mwachieni aendeshe yeye. Wewe uwe msimamizi, ukae ofisini, upange mambo. Hiyo ndiyo kazi ya mkubwa. Umeendesha miaka mingi, dada, huna haja ya kuhangaika na barabara. Utapumzika.

Nijibu haraka ili nisiipoteze gari.

Karisa


Mwangulu,
15 Septemba 2024

Karisa,

Salamu. Mama hajambo. Mbuzi hawajambo. Ofisini hakuna habari, kwa kuwa ofisi hatuna.

Nilikuomba gari linalomwenea dereva. Wewe umenitafutia dereva anayelienea gari.

Unasema nipumzike. Nani alikwambia nimechoka? Baba alinifundisha usukani kabla sijaolewa, wewe ukiwa unaogopa hata kupiga honi. Barabara ya kutoka hapa hadi Lunga Lunga naijua shimo kwa shimo. Wale akina mama wanaponikabidhi mbuzi wao wanajua watafika wakiwa wamesimama. Hii ndiyo kazi yangu, Karisa. Siifanyi kwa kukosa mtu mwembamba.

Na nilikuandikia kile nilichokisikia pale yadi. Umenijibu kwa wali na samaki.

Usiniandikie tena mpaka uwe na jambo la kuniambia.

K.


Changamwe,
20 Oktoba 2024

Dada Kanze, shikamoo.

Natumai Mama ni mzima na mvua za vuli zimeanza kunyesha huko. Sisi tunashukuru. Mtoto anatembea, anaanguka, anatembea. Randu amepita hapa mara nyingi akiuliza kama nina barua nikamwambia bado. Nimeandika nikachana, nimeandika nikachana.

Dada, nimefanya jambo moja. Nilichukua mito miwili kutoka nyumbani. Mmoja nikajifunga tumboni, mwingine nikajifunga mgongoni na kiunoni kwa leso ya Monicah, na juu yake nikavaa koti kubwa la mlinzi. Halafu nikaanza kukaa kwenye kila pikapu iliyomo yadi, moja baada ya nyingine, saa za kazi, wateja wakiangalia. Tobias amenipiga picha na kuituma kwa kila mtu. Jina langu hapa sasa ni Bwana Mto. Mzee wa yadi aliniita akaniuliza kama nina matatizo nyumbani.

Nimeona mambo ambayo sikuwa nayajua. Zile mpya zinazoonekana kubwa kwa nje zina kisanduku katikati kinachokula nafasi yote ya goti la kushoto. Viti vyake vina mabawa pembeni yanayobana mapaja. Mkanda unafungiwa chini kabisa, mkono ulio na nyama haupiti. Ile nyeupe niliyokusifia niliingia na mto, nikashindwa kutoka na mto. Walinivuta.

Iko moja ya bluu, ya milango minne. Humo Bwana Mto alikaa vizuri na usukani ukazunguka. Nadhani hiyo itakufaa.

Mdogo wako,
Karisa


Mwangulu,
29 Oktoba 2024

Mdogo wangu Karisa, marahaba.

Mama alisomewa barua yako na mtoto wa jirani akacheka hadi akashika ukuta. Anataka picha. Mimi nilijaribu kukasirika nikashindwa, kisha nikafikia pale kwenye gari la bluu, nikaweza.

Mto hauna magoti, Karisa. Mto ukiubana unakubali, unanywea. Mimi nikibanwa sinywei. Na milango minne maana yake bodi ya nyuma ni fupi. Mbuzi nitawapakia wapi, kiti cha nyuma, niwafunge mikanda?

Lakini sasa nisikilize, maana kuna jambo limetokea, na sitaki ulipate kwa Randu.

Wiki iliyopita gari tunalokodi siku zote liliharibika, tukapewa jingine. Lilikuwa ndugu yake ile nyeupe yako. Beryl alikuwa anangoja mbuzi, sikuwa na la kufanya. Niliingia hivyohivyo, nikaacha mkanda, tukaondoka, Mama Eddah pembeni yangu. Tulipofika Lunga Lunga mguu wa kulia ulikuwa umeanza kufa ganzi, kwa sababu goti limekabwa chini ya usukani na huwezi kulinyoosha. Sikumwambia Mama Eddah. Nilijua angesema nini. Tulipoingia Msambweni, pale njia panda, pikipiki ikakatiza mbele yangu. Nikauambia mguu ukanyage breki. Mguu haukunisikia. Ulipoitikia nilikuwa nimeshatoka barabarani, naelekea kwa mama mmoja aliyekuwa amekaa anauza mahamri. Alitupa beseni akakimbia. Gari lilisimama kwenye rundo la mchanga wa ujenzi, karibu kabisa na kigoda chake.

Hakuumia mtu. Mbuzi mmoja aliruka, akakamatwa. Lakini mimi nilibaki ndani, na hata nilipotaka kushuka nikamwombe yule mama radhi, sikuweza kutoka mpaka mguu uamke. Alikuja yeye mlangoni. Akaniangalia tu. Nilimlipa mahamri yake, akapokea.

Tulipofika Ukunda Mama Eddah alihesabu mbuzi. Halafu akasema, "Kanze, mimi nakupenda, lakini hili siwezi kulificha kikundini." Na hakulificha. Wameamua kwamba mwanzo wa Desemba Alfani atashika usukani, isipokuwa likipatikana gari ambalo Mama Eddah mwenyewe ataniona nimelikalia, na yeye akaridhika. Naye ni mgumu kuridhika.

Kwa hiyo sasa sikutanii. Tangu siku hiyo kila pikapu ninayoikuta imesimama naomba niikalie. Beryl aliniombea ile ya hoteli. Ina nafasi, lakini paa ni la chini, kichwa kinagota kwenye kila tuta. Pale Ramisi nilikalia ya mashamba ya miwa, kuukuu, viti vimechanika, na humo nilikaa kama nimekaa kwangu. Ile inayongoja wageni wa kisiwa cha Chale ni nzuri ya kutazamwa tu.

Nimejifunza kwamba upana si neno. Watu wanatazama upana wakasema, ah, hili ni kubwa. Angalia nyuma ya kiti. Kama ukuta wa kebini uko hapohapo, acha, kiti hakina pa kwenda. Tafuta zile ambazo kebini imeongezwa kidogo kwa nyuma, penye nafasi ya kuweka jeki na mikoba, ili kiti kirudi hadi miguu inyooke. Usukani uweze kuinuliwa, kisha uone kama ngumi inapita kati yake na tumbo wakati umegeuza shingo kutazama nyuma, maana hapo ndipo tumbo linapojitokeza. Klachi uikanyage hadi mwisho uone goti linakwenda wapi. Pedali zisikaribiane, miguu yangu mipana. Na mtu aweze kushuka mwenyewe bila kuvutwa mkono, hata akiwa na haraka. Hilo la mwisho ulitie moyoni. Na utafute mtu mwenye mwili wa kweli akukalie. Mto uurudishe kitandani.

Dada yako,
Kanze


Changamwe,
17 Novemba 2024

Dada Kanze, shikamoo.

Mama mwambie picha nimetuma. Monicah ameifanya ndiyo picha ya simu yake. Mtoto akiiona anasema "baba" kwa shaka.

Ile habari ya Msambweni niliisoma nimesimama, nikakaa chini. Sikukupigia simu kwa ajili ya amri ya Mama tu. Nilikaribia kuivunja.

Wiki hii alikuja mteja, Mwalimu Gedion, kutoka bara lakini anafundisha huku. Dada, ni mnene na mrefu. (Naona nimeliandika.) Anafanana na wewe kabisa mabegani. Alikuja na mkewe. Alipoanza kupanda ile ya fedha, Tobias akafungua mdomo, nikamwona anavyoutengeneza. Nikamwambia, "Tobias, hapa mteja anakaa kwanza. Kama una kicheko, nenda ukakimalizie barabarani."

Akasema, "We, Bwana Mto, unaniambia mimi?"

"Ndiyo, nakuambia wewe."

Mzee alikuwa dirishani, akatazama, akarudi ndani. Tobias hatujaongea vizuri tangu hapo.

Nikamwomba Mwalimu anisaidie jambo, nikamweleza habari yako. Ni mtu mpole. Tulimaliza magari yote. Kila alipokaa nilimwambia nyoosha mguu, geuka nyuma, kanyaga klachi, sasa shuka haraka kama nyumba inaungua. Mkewe alikaa kivulini akitucheka, lakini kicheko kizuri. Mwisho kabisa, nyuma kule tunakoweka yale yasiyonunuliwa, kuna ya kijani iliyopauka. Kebini imeongezwa nyuma vilevile ulivyosema. Mwalimu akaingia, akafunga mlango, akafunga mkanda. Nikamuuliza, "Vipi?" Akasema, "Ningekuwa sina watoto watano ningeondoka nayo sasa hivi."

Redio haina. Rangi umeshasikia. Injini sikutajii, ila ujue kwamba nimeikagua mimi.

Mzee amekubali, baada ya maneno mengi, itoke Mombasa kwa siku moja. Dereva wa yadi atakuletea Ukunda, kituo cha mafuta, Jumatano ya tarehe 27. Njoo na Mama Eddah. Mimi sitaweza kuja, kuna kazi nyingi.

Karisa


Diani,
1 Desemba 2024

Mdogo wangu Karisa, marahaba.

Huku ni salama. Mama amepata jino jingine la kulalamikia. Mvua imenyesha vizuri, lambo linapumua. Wabusu mtoto na Monicah.

Siku ile ya Jumatano tulifika kituoni mapema, nikaiona imesimama karibu na pampu ya upepo, kijani kama mboga iliyosahauliwa juani. Mama Eddah akasema, "Hii?" Nikamwambia tungoje. Dereva wako akanipa ufunguo akasogea mbali bila kutazama. Nadhani ulimwagiza. Kama ulimwagiza, ulifanya vyema.

Kuna mpini wa kushikia. Niliushika nikapanda, mguu, kiuno, kichwa, vyote vikaingia kwa pamoja kama watu wa nyumba moja. Nikasukuma kiti nyuma, kikaenda, kikaenda, nikashangaa kinakwenda wapi. Nikainua usukani. Nikavuta mkanda, nikasikia "tak." Karisa, tangu nianze kuendesha sijawahi kuusikia mlio huo ukitoka kiunoni kwangu. Nilifungua nikafunga tena ili Mama Eddah naye asikie.

Usidhani nimekosa la kusema. Klachi yake ni nzito kama kinu. Kioo cha upande wangu hakishuki mpaka ukisaidie kwa mkono wa pili. Mabao ya bodi nyuma yanataka fundi. Na ile rangi, wewe ulisema imepauka, mimi nasema imekata tamaa. Lakini tulikwenda nayo hadi Lunga Lunga na kurudi, mashimo yote, jua lote, Mama Eddah akiikodolea macho miguu yangu njia nzima kama askari. Tuliporudi Ukunda alinyoosha kidole akasema, "Haya, shuka. Haraka."

Nikafungua mlango nikashuka. Nikazunguka gari kwa miguu yangu miwili, yote iko hai, nikaenda upande wake nikamfungulia mlango yeye. Jioni hiyo kikundini alisema maneno matatu tu: "Kanze ataendesha yeye." Alfani alifurahi kuliko wote. Anaogopa barabara ya Mwangulu, kumbe alikuwa anaona haya kukataa.

Alhamisi kikundi kililipia gari, na Ijumaa nilisimama Msambweni, nikanunua mahamri kwa yule mama. Alilitazama gari, akanitazama mimi ndani yake, akaniongezea moja.

Sasa niko mbele ya lango la hoteli, mbuzi wako nyuma, mlinzi anasema Beryl bado yuko kwenye mkutano. Barua hii naiandika humuhumu garini, karatasi imelala kwenye paja, chini ya usukani, na mkono unatembea bila kugonga popote.

Habari ya Mwalimu Gedion na Tobias niliisoma. Ulifanya vizuri. Ungeweza kuifanya mwezi wa Agosti. Lile lenyewe, la kicheko chako, hukulisema, na nakujua, hutalisema, utaniandikia mtoto na mito na klachi mpaka tuzeeke. Na Jumatano ulikuwa na kazi nyingi. Karisa, yadi yenu Jumatano haina kazi, uliniambia mwenyewe tukiwa bado tunapigiana simu. Uliogopa nisikae. Au uliogopa nikae wewe ukiwa umesimama hapo. Sijui, na nimechoka kukuuliza kwa karatasi.

Kwa hiyo njoo Krismasi pamoja na mkeo na mtoto. Mama ameondoa amri, tunaweza kugombana kwa mdomo. Nitakuja kuwachukua kivukoni mimi mwenyewe. Monicah na mtoto wataketi na Mama nyumbani, na wewe utakwenda nami Ukunda na mbuzi, kwenda na kurudi, pembeni yangu. Kiti cha abiria Mama Eddah alikilalamikia sana. Ni chembamba, kimebanwa na mlango, na kuna chuma kinachochoma ubavuni kila penye shimo. Fundi alitaka kukirekebisha nikamwambia akiache kwanza.

Dada yako,
Kanze